Maneno ya Mgonjwa Mbele ya Kompyuta

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni katika kurasa kama hizi, zinazosomwa nyumbani baada ya chakula cha usiku. Jambo lenyewe ni kwamba wako wataalamu ulimwenguni wanaoifundisha kompyuta kuyasikiliza maneno ya mtu, kuyahesabu na kuyapima, kisha ikasema kama akili yake iko salama ama imeanza kuugua. Tangu hapo kale kazi hiyo ilikuwa ya mama mzazi, na mke, na jirani, na mwalimu. Tabibu alikuja mwisho. Sasa mashine yataka kuingia katika safu hiyo, nasi twaona haifai iingie hali watu wa nyumbani hawajui inafanya nini.

Sisi si matabibu, wala si mafundi wa mitambo. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na kazi yetu ni kusomesha watoto hapa Mpanda. Lakini kazi ya mwalimu wa Qurani ni kusikiliza. Kila siku twasikiliza mtoto amekata pumzi wapi, ameunganisha wapi pasipopaswa, herufi gani ameitoa kooni na ipi ameitoa kwenye ncha ya ulimi. Mwanachuoni Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, aliyeishi katika karne ya 8, aliipanga kamusi yake ya Kiarabu si kwa alifu na be, bali kwa mahali herufi inapotokea, akianzia ndani ya koo na kuishia midomoni. Basi kuisikiliza sauti ya mwanadamu na kuipima kwa kanuni si jambo lililozuliwa jana. Tena mwalimu akiisha kuizoea sauti ya mtoto hujua mtoto huyu leo ana njaa, na yule amefiwa, na yule wa nyuma kuna kitu kimemtisha nyumbani, kabla hajaambiwa lolote.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Miaka michache iliyopita alikuwapo kijana mmoja wa mtaa wetu, jina lake tumelihifadhi, mwenye umri wa miaka kumi na minane, mpole na msomaji mzuri. Alipoanza kuugua, matendo yake hayakubadilika. Alioga, alisali, alikwenda sokoni akarudi na chenji kamili. Kilichobadilika ni mazungumzo yake. Mama yake akimwuliza, "Umekula, mwanangu?" yeye hujibu, "Treni inakwenda Kaliua, na Kaliua kuna watu wanalijua jina langu." Kila neno katika jibu hilo ni neno zuri la Kiswahili, na treni ya Mpanda kweli hupita Kaliua kabla ya kufika Tabora, lakini chakula kiko wapi? Halafu maneno yakapungua. Sentensi zikawa fupi, za maneno mawili matatu, na kati ya moja na nyingine kimya kirefu.

Mama alitambua mapema kuliko watu wote. Alitujia akasema, "Shikamoo Maalim. Mwanangu anazungumza, lakini maneno yake hayashikani mikono." Hatujapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Baba wa kijana alisema ni ujana. Majirani wengine walisema ni bangi, wengine wakasema amepandwa na jini. Akapelekwa kwa mganga mmoja kijijini, akafungwa kamba kwenye mti, na alama ya kamba ile ingali mkononi mwake hata leo. Miezi minane ilipita kabla hajafikishwa hospitali. Huko akapewa dawa, na baada ya majuma kadhaa maneno yakaanza kushikana tena.

Miezi hiyo minane ndiyo tunayotaka msomaji aiweke moyoni anapoendelea kusoma. Matabibu wamethibitisha kwamba maradhi haya ya akili, yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na mawazo yake kutawanyika, kadiri yanavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu zaidi. Na katika mkoa wetu wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, wenye watu zaidi ya milioni moja waliotawanyika tangu Mlele hadi kando ya Ziwa Tanganyika, tabibu wa akili si mtu wa kumkuta kila penye zahanati. Hospitali kubwa ya maradhi hayo ni Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Na jina lake, kwa bahati mbaya, watu wamelifanya tusi. Mtu akisema upuuzi barazani huambiwa apelekwe Mirembe, na wote hucheka. Kisha twashangaa kwa nini mama anamficha mwanawe.

Habari za kompyuta tulizipata kwa mwana wa ndugu yetu, anayesoma chuo Dodoma, ambaye alipokuja likizo alitusomea maandishi ya wataalamu na kutufasiria jioni baada ya jioni. Tulimkatiza mara nyingi kwa maswali, naye alivumilia. "Baba mkubwa," alituambia, "maneno ya yule mama ndiyo hasa wanayoyapima hawa."

Na kweli ndivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walitangaza habari ya vijana 34 wa New York, waliokuwa na dalili za kutia shaka lakini hawajaugua. Kila mmoja aliachwa azungumze kwa urefu habari za maisha yake, na maneno yake yakaandikwa neno kwa neno. Kisha wakafuatwa kwa muda uliofika miaka miwili na nusu. Watano kati yao waliugua kweli. Kompyuta ilipopewa yale maandishi ya mwanzo, iliwatenga wale watano na wenzao bila ya kumkosea hata mmoja.

Tuliuliza: kwa njia gani? Jibu lake ni jepesi kuliko tulivyodhani. Kompyuta hupewa maandishi mengi mno, zaidi ya anayoweza kusoma mtu katika umri wake, ikajifunza neno lipi hukaa jirani na lipi. Jembe hukaa karibu na shamba, mvua karibu na mawingu, mahari karibu na posa. Hivyo kila neno hupewa mahali pake, kama nyumba katika ramani ya mji. Baadaye huchukuliwa sentensi ya mgonjwa na ile inayoifuata, ukapimwa umbali baina ya maana zake. Mtu mzima hutoka nyumba hii akaenda nyumba ya pili au ya tatu; mgonjwa hutoka Makanyagio akaibuka Kigoma, na njia aliyopita haionekani. Zaidi ya hayo kompyuta ilitazama urefu wa sentensi na yale maneno madogo ya kuunganishia. Hayo ndiyo aliyoyaona mama wa kijana wetu jikoni kwake, bila ya kompyuta.

Wako na wengine. Huko Brazil, katika mji wa Natal, tabibu Natália Mota na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti ambao ulitupendeza zaidi. Wao huyachukua masimulizi ya mgonjwa, na hasa ya ndoto zake, wakachora kila neno kuwa nukta na kuunganisha nukta kwa mistari kadiri maneno yanavyofuatana. Msimulizi mzima huyarudia maneno yake, hurudi nyuma, huunganisha, na mchoro wake huwa kama wavu wa mvuvi. Wale wenye maradhi ya kutawanyika mawazo michoro yao ilikuwa na viungo vichache, kama uzi uliokatika. Kwa nini ndoto? Kwa sababu mtu akisimulia ndoto hana mfano wa kuiga, inambidi apange mwenyewe. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo kila asubuhi mtu huulizwa ameota nini, na ambamo jina la Ibn Sirin lajulikana hata kwa wasiojua kusoma, hatukuhitaji kuelezwa sana.

Na katika Chuo Kikuu cha Michigan walipima sauti yenyewe badala ya maneno. Waliwapa simu watu wenye maradhi ya kupanda na kushuka kwa hali ya moyo, yaani mara furaha iliyopita kiasi, mara huzuni ya kuzama; na kwa ridhaa yao simu ikarekodi mazungumzo yao ya kila siku, sauti ya mgonjwa peke yake, si ya anayezungumza naye. Mtu mwenye huzuni kubwa husema polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na vituo vyake ni virefu. Aliyepandwa na furaha ya maradhi husema mbio, hakatiki. Kompyuta huhesabu vituo hivyo kwa sehemu ndogo za sekunde, jambo ambalo sikio letu haliwezi, ingawa twajivunia kulifundisha.

Hadi hapa msomaji ataona kama kwamba twaisifu mashine. Twaisifu kwa haki yake. Lau kama chombo kama hicho kingekuwapo katika zahanati ya kijiji, na mwuguzi akaambiwa, "Mtazame huyu, maneno yake yanaachana," huenda miezi ile minane ingekuwa mmoja. Hilo si jambo dogo. Lakini wale vijana wa New York walikuwa 34 tu, na waliougua ni watano. Hawajai hata mkeka mmoja wa madrasa. Mwaka 2018 wataalamu wale wale walipofanya tena kwa kundi kubwa zaidi, la vijana wa Los Angeles, usahihi wake ulikuwa kiasi cha 83 katika 100. Ni kiasi kizuri hospitali, mbele ya tabibu aliyekwisha mwona mgonjwa. Lakini ichukue mashine hiyo uiweke mbele ya watoto mia wa chuoni, wazima wote. Nayo ikiwakosea wazima kwa kiasi hicho hicho, watoto 17 watatoka wakiwa wameandikwa kuwa wana dalili za wazimu. Na katika miji yetu neno hilo likimgusa binti, posa haiji tena. Hata akija mkwe kutoka mbali, mtu wa kumnong'oneza hakosekani.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo tulipokuwa na la kusema sisi, na mwana wa ndugu yetu akawa msikilizaji.

Wataalamu wa Kiingereza, akiwamo James Pennebaker wa Chuo Kikuu cha Texas, waligundua kwamba mtu aliyezama katika huzuni hutumia zaidi neno "mimi". Kwa Kiingereza neno hilo husimama peke yake, ni rahisi kulihesabu. Kwa Kiswahili je? Mtu husema, "Nimechoka, sikulala, wananisema, moyo hauniruhusu." Amejitaja mara nne, na neno "mimi" halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Limejificha ndani ya kitendo, mara mwanzoni, mara katikati, mara kwa "ni" na mara kwa "si". Tena "ni" hiyo hiyo yaweza kuwa si mtu kabisa, kama tusemapo "ni mvua". Kompyuta iliyofunzwa kuhesabu maneno kwa kufuata nafasi zilizo baina yake itasema mgonjwa wetu hajishughulishi na nafsi yake hata kidogo.

Si kwamba jambo hili halijafikiriwa. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alianza mwaka 1985 kuifunza kompyuta kulikata neno la Kiswahili vipande vyake, huyu mtendaji, huu wakati, huyu mtendwa, na hiki kiini cha kitendo. Na kazi hiyo akaiita Salama. Na mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata msaada wa dola milioni 3.4 ili kukusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili, watu wakajitolea kusoma sentensi mbele ya simu zao, ili kompyuta ijifunze kuyasikia matamshi yetu. Ni kazi njema. Lakini zile ni sauti za watu wazima wanaosoma sentensi walizoandikiwa. Sauti ya mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la hospitali, macho chini, ni kitu kingine.

Na ni Kiswahili cha nani? Hapa Mpanda mtu huamkia kwa Kibende au Kikonongo, akafanya biashara na Msukuma, akaoa Ufipa. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wako watu ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na ambao wengi wao nchi yetu ikawapa uraia. Hao wakiwa wazima husema Kiswahili safi, lakini mtu akizidiwa na maradhi hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Kijana wetu yule, ambaye bibi yake ni Mrundi, siku zake mbaya alichanganya lugha tatu katika pumzi moja. Mama yake alielewa zote tatu. Kompyuta ya Los Angeles ingeona giza tupu, na giza huliita maradhi.

Halafu kuna mafumbo. Mswahili akiulizwa habari ya ndoa ya mwanawe hujibu kwa methali ya kuku na kanga, na waliopo wakaelewa. Pima umbali baina ya ndoa na kuku kwa ile ramani ya maneno, utamkuta mzee wa watu ni mwenda wazimu! Kadhalika mtu akisema kwamba usiku amehisi jini mlangoni. Katika hospitali ya Ulaya hilo ni neno la kuandikwa kwa wino mwekundu. Kwetu ni itikadi ya watu wazima wenye akili timamu, nasi twaamini kuwa majini wapo. Mwenye busara huuliza jinsi alivyolisema, na kama usingizi umempotea, na kama amewaacha watu wake. Wala asifikiri mtu kwamba kwa kusema hivi twamtetea yule wa kamba na mti. Sheria yetu imemwondolea dhima aliyepotewa na akili. Haikumpa mtu ruhusa ya kumfunga na kumnyima chakula. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani, kama Damascus na Cairo, hospitali zilikuwa na sehemu za kuwatibu wagonjwa wa akili, karne nyingi zilizopita. Basi anayesema kumpeleka mgonjwa wa akili hospitali ni uzungu, hajaisoma historia ya watu wake.

Hata huzuni ina maneno yake. Lipo dodoso la maswali tisa ambalo matabibu huulizia maradhi ya sonona, limefasiriwa kwa Kiswahili na kupimwa Kenya na hapa Tanzania. Lakini ni wanawake wangapi wa mtaa wetu wanaolijua neno sonona? Wao husema "nina mawazo mengi", au kichwa chagonga, au mwili wawaka moto, au moyo waenda mbio. Mashine iliyofunzwa kungoja neno "huzuni" itangoja sana.

Tumebakiza jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote, nalo ni amana. Maneno ya mgonjwa ni siri yake. Anapowewesa hutaja mambo ya nyumbani ambayo mtu mzima angeyafunika: baba kamkosea nani, dada kafanya nini. Jamaa wa karibu wakiyasikia hunyamaza. Je, kompyuta hunyamaza?

Finland, nchi ile ile ya Profesa Hurskainen, ilikuwako kampuni ya matibabu ya nafsi iitwayo Vastaamo. Maandishi ya mazungumzo ya wagonjwa wake yaliibwa, na mwaka 2020 mwizi akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, akidai fedha ama aziweke siri zao hadharani. Waliodhurika ni kiasi cha watu 33,000. Mwaka 2024 mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Lakini siri iliyotoka haifungwi jela. Na Marekani, huduma ya Crisis Text Line, ambayo watu wenye dhiki na wanaofikiri kujiua huiandikia ujumbe wa simu, ilibainika mwanzoni mwa mwaka 2022 kwamba maneno ya watu hao, baada ya kuondolewa majina, yalikuwa yakipewa kampuni ya biashara. Watu walipokasirika, ikaacha. Hakuna mwizi hapo. Waliofanya hivyo walikuwa wenye nia njema na karatasi za ridhaa. Ndiyo sababu mfano huu watutisha zaidi kuliko ule wa kwanza.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, nayo huhesabu habari za afya ya mtu kuwa za kulindwa zaidi. Ipo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ni vizuri watu wa nyumbani wazijue. Lakini wakumbuke pia kwamba sheria ya jinai hapa Tanzania ingali ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, wakati Kenya mahakama kuu iliamua Januari 2025 kwamba sheria yao ya namna hiyo yapingana na katiba. Basi mama anayeiambia mashine kwamba mwanawe alijaribu kujidhuru ana haki ya kuuliza kwanza maneno hayo yanakwenda kwa nani.

Swali hilo lilitufikia mlangoni. Mwaka uliopita kijana wa yule mama alionyeshwa na rafiki yake programu moja ya simu, isemayo kwamba ukizungumza nayo dakika chache itakwambia hali ya moyo wako. Mama akaja kutushauri, na mwana wa ndugu yetu alikuwapo. Tuliifungua pamoja. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilitaka ruhusa ya kusikia sauti, na kuona majina ya watu wote waliomo katika simu, na kujua mahali simu ilipo. Mwenyewe hakujulikana, wala anwani yake. Mwana wa ndugu yetu alitusimulia hapo habari ya Joseph Weizenbaum, ambaye mwaka 1966 huko Marekani alitangaza programu aliyoiita ELIZA, ya kuigiza tabibu wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe katika sura ya swali. Haikuelewa kitu. Hata hivyo katibu wake, aliyejua kabisa kuwa ni mchezo, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Weizenbaum alishtuka, na miaka kumi baadaye akaandika kitabu kizima cha kuwaonya wenzake. Mama aliposikia haya hakucheka. Alisema, "Maalim, mtu akiwa hana wa kumsikiliza, hata ukuta ataufungulia moyo." Programu ile ikafutwa.

Kisha mama akatuonyesha daftari. Ni daftari la shule, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tangu mwanawe arudi hospitali mama huyu, aliyesoma hadi darasa la nne, huandika kila jioni amelala saa ngapi, amemeza dawa au hakumeza, na sentensi moja au mbili alizozisema siku hiyo, kama zilivyotoka. Siku ya kliniki humpa mwuguzi. Mwuguzi, dada mmoja mwenye subira, hulisoma kabla ya kumwuliza kijana chochote. Na mara moja aliona sentensi za juma zima zimekuwa fupi, akamtuma kwa tabibu, dawa ikaongezwa, na kijana hakuanguka. Mwana wa ndugu yetu alilishika daftari lile kwa mikono miwili. Alisema laiti yangekuwapo madaftari elfu kama hili, kwa Kiswahili cha watu wa kweli, kompyuta ingeweza kufundishwa kitu cha kuwafaa watu wa Mpanda na si wa Los Angeles. Akauliza kama mama angekubali siku moja walitumie watafiti wa chuo, wakipatikana, bila ya majina.

Mama alijibu kwamba maneno si yake, ni ya mwanawe, naye sasa ni mzima, aulizwe. Sisi tuliona amesema sawa, ingawa wako wazee wetu watakaosema mzazi ndiye mwenye kauli. Kijana akaitwa, akaketi, akasikiliza yote. Alisema hana kizuizi kwa maneno yake ya siku za ugonjwa, ila majina ya ndugu zake yafutwe, na habari ya bibi yake isiguswe. Akataka kujua watayaweka wapi na mpaka lini. Akauliza tena kama kompyuta itaambiwa pia habari ya kamba, maana katika miezi ile, alisema, alinyamaza kwa kumwogopa mganga, si kwa sababu hakuwa na la kusema. Na mtu akiyapima maneno yake bila ya kulijua hilo atapima hofu na kudhani anapima maradhi. Mwana wa ndugu yetu aliliandika swali hilo katika simu yake na kuahidi kuwapelekea walimu wake Dodoma.

Jibu bado halijaja. Kijana yuko kwenye cherehani ya mjomba wake karibu na soko, ashona kanzu na sare za shule. Daftari la kwanza limejaa, na mama amenunua la pili.